CHEO KIKISHUSHWA, TUSIKIMBILIE KUWEKA SAINI
Hotuba ya Mwenyekiti katika sherehe ya kutimiza miaka kumi ya kikundi



Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha siku ya leo tukiwa wazima. Wapo tulioanza nao mwaka 2015 ambao leo hatunao. Tunaomba tusimame kidogo tuwakumbuke.

Asanteni. Tukae.

Tulianza akina mama kumi na wanane, na sanduku moja la bati lenye kufuli tatu. Watu walitucheka. Wakasema hao wamama watagombana kabla ya Krismasi. Basi Krismasi kumi zimepita, na sanduku lipo. Mambo ya hisa, mikopo na gawio mtayasoma katika taarifa ya mhazini humu humu kitabuni, hatutayarudia. Leo tunaomba tuseme jambo lingine, ambalo kitabu cha hisa ndicho kilichotufungua macho tukaliona. Nalo ni hili: mtu anapokuwa kazini, akashushwa cheo, afanye nini?

Mtauliza, jamani, kikundi cha kuweka na kukopa na habari za vyeo wapi na wapi? Tutawaeleza. Zaidi ya nusu ya nyumba zetu hapa zinaishi kwa mshahara wa mtu. Yupo anayefanya kazi hotelini juu kule ukingoni mwa kreta, yupo wa kwenye shamba la kahawa, yupo mwalimu, yupo nesi, yupo dereva. Mshahara ukitikisika, hisa inatikisika, ada ya mtoto inatikisika, na mkopo unalala. Sisi kwenye meza ya mhazini tunaona mtu anashuka kabla hata jirani yake hajajua.

Tuanze na kosa letu wenyewe. Mwenzetu huyo yupo hapa, na ameturuhusu tulisimulie ila tusitaje jina lake wala la hoteli.

Mwenzetu alianza kazi hotelini kwa kutandika vitanda. Akafanya bidii miaka sita, akapandishwa kuwa msimamizi wa wasafisha vyumba. Mshahara wake ukafika shilingi 400,000 kwa mwezi. Kila wiki alikuwa ananunua hisa tano, hakosi. Akapata ujauzito, akaenda likizo ya uzazi, akajifungua salama, tukaenda kumpongeza na kanga na unga wa uji. Siku ya kurudi kazini akakuta mwingine amekaa nafasi yake. Akaambiwa, wewe sasa una mtoto mdogo, nenda dobi ukafue mashuka, ni kazi nyepesi. Mshahara ukawa 260,000. Akapewa barua ya Kiingereza asaini.

Hakusaini siku ile. Alikuja nayo kwetu, akatuuliza. Na sisi viongozi, ambao wengi wetu tumeishia darasa la saba, tulimjibu nini? Tulimwambia, mama, saini tu, shukuru una kazi, mkono usioweza kuukata ubusu. Akasaini.

Hisa zikawa tatu. Zikawa moja. Halafu ikawa hakuna. Mkopo wa ada ya mtoto wake mkubwa ukachelewa, na sisi tukampiga faini. Ndiyo, sisi. Tulimshauri apoteze mshahara, halafu tukamtoza faini kwa kuwa hana hela. Hakutulaumu hata siku moja, na hiyo ndiyo inayotuuma zaidi.

Miezi mitano baadaye alikuja msaidizi wa kisheria kuzungumza na kikundi. Alipofika kwenye mambo ya uzazi na kazi, tukaanza kutazamana. Tulimchangia nauli mwenzetu akateremka Arusha kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile watu wanayoiita CMA. Akaambiwa muda umepita. Akajaza maombi ya kuongezewa muda. Akaulizwa sababu, akasema hakujua sheria. Kutojua sheria peke yake hakuhesabiki kuwa sababu ya kutosha. Maombi yakakataliwa, na mwenzetu akarudi kufua mashuka.

Tangu siku ile tuliapa kwamba hatutamshauri tena mtu jambo tusilolijua. Tulianza kuuliza na kujifunza, na leo tunawagawia tulichokipata. Sisi si mawakili, na mwenye shauri gumu aende kwa wenye taaluma. Lakini haya ya mwanzo kila mama anaweza kuyashika.

Kwanza, sheria yenyewe. Inaitwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, namba 6 ya mwaka 2004. Wazee wetu wanakumbuka kwamba kabla yake ilikuwepo ile ya mwaka 1964 iliyoleta kamati za wafanyakazi makazini, na wanakumbuka Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971, uliokataza kiongozi kuwadharau na kuwaonea walio chini yake. Kwa hiyo mtu kuulizia haki yake kazini si utovu wa adabu ulioletwa juzi. Ni jambo la siku nyingi katika nchi hii.

Pili, sheria inamtaka mwajiri akuandikie maelezo ya kazi yako: unafanya kazi gani, ulianza lini, unafanyia wapi, saa ngapi, na unalipwa nini. Kama huelewi yaliyoandikwa, ni wajibu wake kuhakikisha unaelezwa kwa namna utakayoelewa. Kwa hiyo ukipewa barua ya Kiingereza na Kiingereza chako ni cha "gudi moningi", usione aibu kusema, naomba nielezwe kwa Kiswahili. Tangu mwaka 2021 sheria ya nchi inasema Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na ya mahakama. Aibu ya nini basi?

Na mambo yale yaliyoandikwa yakibadilika, mwajiri anatakiwa ashauriane na wewe, kisha akupe taarifa ya mabadiliko kwa maandishi. Si kukuta jina lako limehamishwa kwenye ubao wa zamu. Tena shauri likifika mbele ya Tume na mwajiri akashindwa kuonyesha mkataba au maelezo hayo ya maandishi, mzigo wa kuthibitisha unamwangukia yeye. Wale wanaotuambia "wewe huna mkataba kwa hiyo huna haki" wanageuza mambo kichwa chini miguu juu.

Tatu, hatusemi kwamba hakuna mtu anayeweza kushushwa cheo. Tuseme ukweli. Yupo anayeiba, yupo anayekuja kazini amelewa, na yupo aliyepewa kazi inayomzidi. Lakini lazima uwepo utaratibu. Kama ni kosa, mtu aambiwe kosa lake, apewe muda wa kujiandaa, asikilizwe. Kanuni za mwaka 2007 zilisema muda huo kwa kawaida usipungue saa 48, na mfanyakazi aweze kusindikizwa na mfanyakazi mwenzake au kiongozi wa chama cha wafanyakazi. Kama ni uwezo mdogo wa kazi, mtu aelekezwe kwanza, apewe nafasi ya kujirekebisha. Kama ni ugonjwa, mwajiri atazame atamsaidiaje, hasa kama ameumia akiwa kazini. Na mshahara haukatwi hivi hivi tu kwa kuwa bosi ameamka vibaya.

Nne, na hili akina mama mliandike moyoni. Likizo ya uzazi yenye malipo si chini ya siku 84, na mapacha si chini ya siku 100. Ukimaliza, unarudi kwenye kazi yako kwa masharti yale yale uliyoyaacha. Anayenyonyesha ana haki ya kupewa hadi saa mbili kwa siku za kumnyonyesha mtoto katika saa za kazi. Sheria inakataza ubaguzi kazini kwa sababu ya ujauzito, ya jinsia, ya ndoa, ya ulemavu, ya virusi vya UKIMWI na nyinginezo, na kumsumbua mtu kwa sababu hizo kunahesabiwa kuwa ubaguzi pia. Kwa hiyo ile "kazi nyepesi" aliyopewa mwenzetu haikuwa huruma. Huruma gani inayopunguza shilingi 140,000?

Tano, siku. Hapa ndipo tulipoangukia. Kwa kanuni hizo za mwaka 2007, aliyeachishwa kazi ana siku 30 za kupeleka shauri lake kwenye Tume. Mashauri mengine, na kushushwa cheo ukiwa bado kazini kumo humo, siku 60. Huhesabu tangu siku uliyopata ujasiri. Unahesabu tangu siku jambo lilipotokea. Fomu haina malipo, na unaweza kusindikizwa na mtu wa chama chako cha wafanyakazi, wakili, au mwakilishi uliyemchagua mwenyewe.

Sita, usiache kazi kwa hasira. Tunawajua waliotupa funguo mezani wakaondoka. Ni kweli sheria inatambua kwamba mwajiri akifanya kazi isivumilike, hata mfanyakazi akiacha mwenyewe inaweza kuhesabiwa kuwa ameachishwa. Lakini utaulizwa, ulilalamika wapi kwanza? Ulitumia njia gani zilizokuwepo hapo kazini? Na ukikaa nyumbani bila ruhusa zaidi ya siku tano za kazi, umempa mwajiri sababu ya kukufukuza. Nenda kazini, fanya uliyopangiwa, na huku mkononi unashika kalamu.

Sasa tuwaeleze habari ya mwenzetu wa pili, maana siku zote si kilio.

Mwaka 2022 mwenzetu mmoja, mpishi wa miaka mingi, alipata meneja mpya. Akaambiwa kwa mdomo tu, kuanzia kesho wewe osha vyombo, jikoni tunataka vijana. Jioni ile ile alikuwa mlangoni kwa mwenyekiti, hajavua hata sare. Safari hii hatukusema "shukuru una kazi". Tulimwambia, mama, kunywa chai kwanza, halafu tuandike.

Tuliandika barua ya Kiswahili kwa mkono, nakala mbili. Ilisema: nimeambiwa tarehe fulani nimeondolewa kazi yangu ya upishi na kuwekwa kuosha vyombo, sikushauriwa, sikupewa kosa, sikubaliani, naomba maelezo ya maandishi. Nakala moja akaiacha ofisini, ya pili akaomba igongwe muhuri wa kupokelewa. Wakakataa kugonga muhuri. Akaandika pale pale tarehe, saa, na jina la karani aliyeipokea, na mwenzake wa kazi akaweka saini ya ushahidi. Kesho yake akaenda kuosha vyombo kama alivyoamriwa. Wiki mbili zikapita bila jibu. Tukatoa nauli kwenye mfuko wa jamii, akaenda Arusha, akajaza fomu, nakala akampelekea mwajiri.

Kwenye usuluhishi meneja alisema mama huyu hajui kupika vyakula vya kisasa. Msuluhishi akauliza, uliwahi kumwandikia? Ulimpa mafunzo? Ulimpa muda? Hakukuwa na karatasi hata moja. Mama yetu alikuwa na barua yake, hati zake za mshahara, na mkataba uliosema mpishi. Walikubaliana siku hiyo hiyo, wakasaini. Alirudi kwenye jiko lake, na fedha iliyokuwa imepungua akalipwa. Na wageni wengi leo mmekula pilau yake, mkitaka kujua kama anajua kupika.

Mnaona tofauti ya hawa wawili? Si kwamba wa pili ni jasiri kuliko wa kwanza. Wa kwanza alikuja kwetu tukiwa hatujui, wa pili alikuja tukiwa tumejua. Ujasiri wa mtu mmoja unategemea sana anaowauliza jioni.

Tuseme na habari ya wakati wa korona, maana wapo wanaoulizia. Mwaka 2019 nchi ilipata watalii zaidi ya milioni 1.5. Mwaka 2020 wakaanguka hadi kama 620,000. Hapa Karatu hamhitaji kuhadithiwa, tuliona magari ya watalii yameota majani. Wapo waajiri waliowaita wafanyakazi, wakawaambia hali ilivyo, wakakubaliana kwa maandishi mshahara upungue kwa miezi fulani halafu urudi. Hao tunawaheshimu, na wengi wao wafanyakazi wao wapo nao hadi leo. Wapo wengine waliomwambia mtu wewe sasa si kiongozi wa zamu, ni mlinzi wa geti, hakuna karatasi, hakuna mwisho. Mwaka 2023 watalii walipita milioni 1.8, na yule bado yuko getini. Fundisho letu ni hili: ukikubali kushuka kwa ajili ya shida ya wote, andikiana na mwajiri wako, na tarehe ya kurudi juu iandikwe.

Wapo hapa walimu, manesi na watumishi wengine wa serikali. Kwenu njia ni nyingine. Nyinyi mna Sheria ya Utumishi wa Umma namba 8 ya mwaka 2002, na kuteremshwa cheo ni adhabu kubwa inayotaka mashtaka ya maandishi na nafasi ya kujitetea. Rufaa ina muda wake wa siku 45. Hamwanzi na CMA, mnapitia kwanza njia za utumishi wenu, na walimu wana Tume yao ya Utumishi wa Walimu. Msije mkapoteza siku kwa kubisha mlango usio wenu.

Na kushushwa cheo hakuishii kwenye mshahara wa mwezi huu. Michango ya NSSF kwa sekta binafsi ni asilimia 20 ya mshahara, ukijumlisha ya mwajiri na ya mfanyakazi. Kwa 400,000 ni shilingi 80,000. Kwa 260,000 ni shilingi 52,000. Kila mwezi uzee wa yule mwenzetu unapungukiwa shilingi 28,000. Na kiinua mgongo nacho hukokotolewa kwa mshahara wa msingi. Kwa hiyo mtu anapoambiwa "ni kubadilishiwa kazi tu", apige hesabu.

Jambo la mwisho litatuuma kidogo, mtusamehe. Na sisi tunaajiri. Nani hapa hana msichana wa kazi? Nani hajachukua vibarua wa vitunguu kule Mang'ola? Ni mara ngapi tumemwambia binti, kuanzia leo utachunga na ng'ombe pia, na mshahara ni ule ule? Ni mara ngapi binti ameugua, akirudi anakuta amewekwa mwingine? Sheria tunayoililia ndiyo hiyo hiyo inayomlinda yule binti. Tukidai haki mchana hotelini na kuinyima jioni jikoni kwetu, Mungu anatuona.

Ndugu Mgeni Rasmi, ndugu wanachama, kamati yetu inaleta mapendekezo matatu, nayo yatapigiwa kura katika mkutano mkuu. La kwanza, sehemu ya mfuko wa jamii itengwe iwe nauli ya haki, ili mwanachama asipoteze siku 60 kwa kukosa pesa ya basi la Arusha. La pili, kila mwanachama mwenye kazi ya mshahara alete nakala ya mkataba na hati za mshahara zitunzwe pamoja na kitabu chake cha hisa, ndani ya sanduku letu la kufuli tatu. La tatu, mwanachama aliyeshushwa cheo asitozwe faini ya kuchelewesha mkopo mpaka kamati ikae naye imsikilize.

Pendekezo hilo la tatu lina mwenyewe. Mwenzetu wa mashuka ndiye aliyelitoa. Faini tuliyomtoza tulimrudishia mwaka jana mbele ya kikundi chote. Shilingi zile zilikuwa kidogo, lakini alilia, na sisi tukalia. Cheo chake hatukuweza kumrudishia. Ndiyo maana tumekisema leo, kiandikwe kitabuni, ili binti zetu watakaokisoma baada ya miaka mingine kumi wasije wakashauriwa kama tulivyomshauri yeye.

 Mungu akibariki kikundi chetu, aibariki Karatu na Ngorongoro, aibariki Tanzania.